Hanamu ya mkono na pindo la gitaa: kutoka dalili hadi chanzo

Kasoro ya hanamu, ule mteremko wa kulazia mkono ukingoni mwa gitaa, haina pa kujificha. Ipo pale pale mkono wa mpigaji unapolala, na kila akiinamisha macho kutazama nyuzi lazima aipitie. Ufa wa nusu milimita mgongoni mwa gitaa unaweza kukaa miaka kumi bila mtu kuuona. Ufa huo huo ukiwa kwenye ncha ya hanamu utaonwa siku ya kwanza.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani kile unachokiona au kukigusa, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo. Mara nyingi chanzo kiko hatua tatu au nne nyuma ya pale ulipogundua tatizo. Ufa unauona wakati wa kukwangua, lakini ulizaliwa siku ulipochora. Ndiyo maana naomba jambo moja kabla ya mengine yote: usijaze ufa kwa unga wa mbao na gundi kabla hujajua umetoka wapi. Ukiujaza umefuta ushahidi, na gitaa linalofuata litatoka na ufa ule ule.

Tuelewane kwanza kwa majina. Hanamu ya mkono ni ule mteremko unaokatwa kwenye nyonga ya gitaa, upande wa nyuzi nene, ili ukingo usimchome mpigaji mkononi. Fundi William "Grit" Laskin wa Toronto, Kanada, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake kwenye magitaa ya akustika. Pindo, ambalo mafundi wengi huliita baindingi, ni utepe wa mbao au plastiki unaozunguka ukingo, kwa kawaida kimo chake milimita 6 na unene milimita 2. Mistari ya nakshi ni ile myembamba, mara nyingi ya nusu milimita, inayokwenda sambamba na pindo kwenye uso. Vinia ni ubao mwembamba unaovishwa juu ya hanamu. Bloki ni mbao inayogundishwa ndani, kwenye kona ya uso na ubavu, ili pawe na nyama ya kukata.

Kwenye gitaa la kawaida pindo na mistari husafiri pamoja mzunguko mzima. Kwenye hanamu huachana njia. Pindo linashuka ubavuni likifuata ukingo wa chini wa hanamu, mistari inaingia usoni ikifuata ukingo wa juu, halafu vinakutana tena upande wa pili. Panapoachana na panapokutana ndipo zilipo ncha mbili, na kasoro nyingi nilizowahi kurekebisha zilikuwa zimeanzia hapo. Katika mifano nitatumia hanamu moja: urefu wa milimita 300, inaingia usoni milimita 40 pale penye upana mkubwa, na inashuka ubavuni milimita 18.

Ncha haifungi

Hii ndiyo dalili kuu. Mstari wa ndani unafika kwenye pindo, lakini kati yao unabaki mwanya mweusi, au kiungo kimefunga kidogo tu kisha kikaachia.

Chukua lenzi na taa ya pembeni, uutazame mwanya wenyewe. Umbo lake linakuambia karibu kila kitu. Kipande kinachokuja kukutana na pindo kimekatwa mshazari, kwa hiyo kina ncha kali upande mmoja na kisigino upande wa pili. Mwanya ukiwa kwenye ncha huku kisigino kimegusa, mkato wako ni butu kuliko pembe halisi. Kisigino kimefika kwanza kikazuia ncha isiingie. Ukiwa kwenye kisigino huku ncha imegusa, mkato ni mkali kupita kiasi. Mwanya wenye upana sawa kutoka mwanzo hadi mwisho unamaanisha pembe iko sawa, ila kipande ni kifupi au mfereji kinamokaa umesogea. Hapo usiguse pembe kabisa. Sukuma kipande mbele, au kata kingine kirefu zaidi.

Kuna mwanya mwingine unaodanganya: juu umefunga vizuri, ukikwangua mara tatu nne unafunguka. Huo umetokana na kukata uso wa kiungo kwa kuulaza ndani, ili ukingo wa juu tu ndio uguse. Mkato wa kulaza unasaidia sana kwenye kiungo ambacho hakitakwanguliwa tena. Hapa, ambapo utaondoa sehemu ya kumi hadi tatu za milimita baada ya gundi kukauka, unakula ule ukingo pekee uliokuwa unagusa. Kata wima. Kinyume chake, mwanya ulioachia juu na kugusa chini mara nyingi ni takataka: tone la gundi la zamani au nyuzinyuzi za mbao kwenye kona ya mfereji. Safisha kona kwa ncha ya kisu kabla hujalaumu pembe.

Kwa nini kiungo hiki ni kigumu kuliko kingine chochote kwenye gitaa? Ni kwa sababu laini mbili zinakutana kwa pembe ndogo. Tuseme digrii 12. Mfereji mmoja ukikosea kwa sehemu ya kumi ya milimita tu, kosa ambalo hulioni kwa macho, mahali pa kukutana panasogea karibu nusu milimita. Ukikosea kwa tatu ya kumi, ncha imehama milimita moja na nusu. Kipande ulichokikata kwa uangalifu mezani hakina tena mahali pake.

Dawa inaanzia kwenye mchoro. Michoro mingi huonyesha laini mbili zikiungana polepole kama reli zinapokaribia njia panda. Kwenye karatasi inavutia. Kwenye mbao inadai ncha isiyo na mwisho, kwa sababu laini zikigusana bila pembe, kipande lazima kichongwe hadi kuwa kama unywele, na unywele huo utavunjika mikononi mwako au utayeyukia kwenye gundi. Vuta laini ya ndani ifike kwenye pindo kwa pembe inayoonekana, kati ya digrii 12 na 20. Jicho la mtazamaji halitaona ukali wowote. Litaona ncha safi.

Halafu fuata mpangilio huu. Gundisha pindo kwanza, liache likauke, ndipo uchimbe milimita 20 za mwisho za mfereji wa ndani kwa mkono, ukitumia kisu na patasi nyembamba, ukiingia kwenye pindo lenyewe. Sasa pembe si ya kukisia, iko mbele yako. Weka kipande cha karatasi ngumu kwenye mfereji, kipunguze hadi kifunge, kisha kitumie kama kigezo cha kukatia mstari wa kweli. Anza kufunga kutoka kwenye ncha, si kutoka katikati. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanaanza na sehemu rahisi, wanafika kwenye ncha na kipande kilichopungua. Ukianza na ncha zote mbili kwa vipande viwili, kiungo cha mwisho kitaangukia katikati ya hanamu, ambako mstari umenyooka na kuunganisha ni kazi nyepesi.

Ikiwa gitaa limeshagundishwa na mwanya upo, usijaze. Chimba milimita 15 za mwisho za mstari, ziondoe zote, urudishe kipande kipya. Ni kazi ya saa moja hivi.

Pindo linavunjika au linajikunja likishuka ubavuni

Utepe wa pindo hukunjwa kwa urahisi kuufuata mzunguko wa gitaa kwa sababu unakunjwa kupitia unene wake wa milimita 2. Kwenye hanamu unadai mkunjo wa pili, kupitia kimo chake cha milimita 6, na huko mbao haitaki kwenda. Dalili ni mbili. Ya kwanza ni mpasuko kwenye ukingo wa nje wa mkunjo, ule unaovutwa. Ya pili ni makunyanzi kwenye ukingo wa ndani, ule unaobanwa, pamoja na utepe wenyewe kujipinda kama kamba.

Hesabu yake ni fupi na inafaa kufanywa kabla ya kukata chochote. Gawa nusu ya kimo cha utepe kwa nusu kipenyo cha mkunjo, upate kiasi ambacho ukingo wa nje utavutwa. Hanamu yetu ya milimita 300 inayoshuka 18, ikichorwa kwa mpindo laini, ina mkunjo wenye nusu kipenyo cha milimita 250 hivi. Milimita 3 kwa 250 ni asilimia 1.2. Mbao kavu iliyo baridi kwa kawaida haivumilii kuvutwa zaidi ya takribani asilimia 1, kwa hiyo uko kwenye mpaka, na joto la chuma cha kukunjia litakuvusha. Sasa fupisha hanamu hiyo hiyo iwe milimita 200, ukiacha mshuko ule ule wa 18. Nusu kipenyo kinaanguka hadi milimita 113 hivi, na mvuto unapanda hadi asilimia 2.7. Hapo si suala la ufundi wa mikono tena. Umechora kitu ambacho utepe mzima hautakifanya, hasa ukiwa wa mpingo au wa mepli yenye mawimbi.

Kwa hiyo ukiona pindo linavunjika mara kwa mara mahali pamoja, pima kwanza mkunjo kwenye kigezo chako. Chini ya asilimia 1.5, tatizo liko kwenye kukunja: chuma hakijapata joto la kutosha, utepe umekauka mno, au unakunjwa ukiwa huru hewani. Ubane utepe katikati ya mabati mawili ya chuma yaliyonyooka, yenye nafasi inayotosha tu utepe kupita, ili ukingo unaobanwa usipate pa kukimbilia. Anza na mkunjo huu mgumu wakati utepe bado umelala bapa. Ule wa kuzunguka mwili wa gitaa uje baadaye.

Zaidi ya asilimia 1.5, badili utepe. Njia ninayoipenda ni kuupasua kuwa tepe mbili za kimo cha milimita 3, kukunja kila moja peke yake, kisha kuzigundisha moja juu ya nyingine ndani ya mfereji. Mvuto unapungua kwa nusu, na mshono wa gundi kwenye mbao nyeusi hauonekani. Kwenye mbao nyeupe unaweza kuugeuza kuwa pambo kwa kuweka kijistari katikati, ila ukifanya hivyo lazima kiende mzunguko mzima wa gitaa. Njia nyingine ni kuukata mkunjo huo wa kimo kwa msumeno kutoka kwenye ubao mpana, ili ubaki na mkunjo mmoja tu wa kufanya kwa joto. Kasoro yake ni kwamba nyuzinyuzi za mbao zitatoka nje ya ukingo pale mteremko unapokuwa mkali: kwenye hanamu ya milimita 300 ni kama digrii 11, bado inavumilika, kwenye ile ya 200 ni digrii 16, na utepe unakatika ukiushika vibaya.

Plastiki hulainika kwa joto na haina ubishi huu. Kama ni seluloidi, iweke mbali kabisa na moto wa wazi, maana inashika moto kwa kasi. Nayo husinyaa kadiri miaka inavyopita, na kwenye hanamu kusinyaa kunavuta ncha zote mbili. Mimi huiacha kwa magitaa yasiyo na hanamu.

Mstari mwembamba unanenepa ukifika kwenye hanamu

Niliwahi kumaliza gitaa lenye mistari mitatu, mweusi, mweupe, mweusi, kila mmoja nusu milimita. Mzunguko wote ulikuwa safi. Nilipokwangua hanamu, mistari ile ile ikatokea minene kana kwamba imetoka kwenye gitaa lingine. Nilipima utepe uliobaki mezani: nusu milimita kamili. Nikapima kwenye hanamu: 0.7.

Hakuna kilichokosewa kwenye utepe. Mstari umesimama wima ndani ya uso, na hanamu inaukata kwa mshazari, kama mtu anayekata ndizi kwa kulaza kisu. Kwenye mteremko wa digrii 30, mstari wa 0.5 unaonekana 0.58, na hakuna atakayegundua. Kwenye digrii 45 unaonekana 0.71. Kwenye digrii 60 unafika milimita 1 kamili, mara mbili ya unene wake.

Tofautisha na kasoro nyingine inayofanana nayo. Mstari ukinenepa sawasawa kuanzia ncha hadi katikati na kupungua tena, ni pembe. Ukinenepa na kukonda bila mpangilio, kama mshipa, ni mfereji: ukuta wake una mawimbi, na gundi yenye unga imejaza mashimo. La kwanza linarekebishwa kwa mchoro, la pili kwa patasi.

Kwa pembe, una njia tatu. Unaweza kuulaza mfereji ili mstari usimame wima kwa uso wa hanamu wenyewe, jambo linalotaka mfereji uchimbwe kwa mkono. Unaweza kuichonga hanamu ianze kwa mteremko mdogo karibu na mstari, digrii 25 hadi 30, kisha izidi kuzama karibu na pindo. Hii ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu mkono nao unapenda umbo hilo. Au unaweza kukwangua utepe wa sehemu hiyo uwe mwembamba: wa 0.35 kwenye digrii 45 utaonekana karibu 0.5.

Dada yake kasoro hii ni ukingo unaoukimbia mstari. Kidole kinahisi mpindo wa hanamu mahali pamoja, jicho linaona mstari milimita moja pembeni. Hapo fundi aliendelea kuchonga hanamu baada ya mstari kuingia. Kila ukishusha hanamu, ukingo wake wa juu unarudi ndani usoni, na mstari haufuati. Hanamu lazima ifike karibu na umbo lake la mwisho, zibaki mbili ya kumi za milimita tu, kabla ya mfereji kuchimbwa. Ikishatokea, usiendelee kushusha. Lainisha ukingo uwe mviringo mpana kidogo, macho yatauchukua mstari kuwa ndio mpaka.

Vinia ina malengelenge

Gonga hanamu yote kwa ukucha, polepole, ukisogea sentimita moja moja. Penye gundi panalia kavu. Palipo tupu panalia kama karatasi iliyotanda juu ya tundu. Fanya hivi kabla ya kuchimba mifereji, kwa sababu mfereji ukikata lengelenge, vinia inanyanyuka kwenye ukingo na kupasuka.

Chanzo cha malengelenge ya katikati mara nyingi ni gundi haba au klampu zisizobana sawa. Chanzo cha yale ya pembeni, yanayorudi kila ukiyabana, ni umbo. Vinia inakubali kukunjwa upande mmoja. Haikubali kuvishwa juu ya kitu kilichovimba pande zote mbili kama yai. Jaribio lake ni jepesi: laza karatasi ya kawaida juu ya hanamu na uipapase kwa viganja. Ikilala bila kunyanzi, vinia nayo italala. Ikinyanyuka pembeni, rudi kwenye randa na bati la kukwangulia, uipunguze hanamu mpaka rula fupi ilale bapa kutoka mstari hadi pindo katika kila sehemu. Kama unataka hanamu ya mviringo, tumia vinia nene ya milimita 1.5 hadi 2 na uuchonge mviringo ndani yake baada ya gundi kukauka. Vinia ya 0.6 haikuachii nafasi hiyo, na wengi hutoboa hadi kwenye bloki wakiwa na msasa mkononi.

Kubana, mpira wa ndani wa tairi uliokatwa vipande virefu na kuzungushwa mwili mzima unafanya kazi bora kuliko klampu kumi, kwa sababu unafuata umbo. Weka chini yake kibao laini chenye umbo la hanamu na karatasi ya nta.

Lengelenge dogo lililobaki, lipasue kwa wembe kufuata nyuzinyuzi za mbao, ingiza gundi, bana. Kama uligundisha kwa gundi ya ngozi au gundi nyeupe ya mbao, pasi ya moto juu ya karatasi inaweza kuilainisha gundi iliyopo ishike upya.

Mfereji una kina tofauti karibu na ncha

Ruta, mashine ya kuchimbia mifereji, inahitaji uso wa kukalia. Inapoingia kwenye hanamu, uso huo unaondoka chini yake, mashine inainama, na mfereji unazama au unapanuka katika sentimita mbili za mwisho. Pindo litakaa chini ya uso wa vinia, na utalazimika kukwangua kila kitu kulifikia. Simamisha ruta milimita 20 kabla ya ncha. Kilichobaki ni kazi ya geji ya kuchorea, kisu na patasi. Kwenye sprusi, mbao laini ya uso wa gitaa, kumbuka pia mwelekeo wa ruta: anzia penye upana mkubwa wa nyonga ukielekea kiunoni, kisha anzia pale pale ukielekea mkiani, ili meno ya ruta yasinyanyue nyuzinyuzi na kung'oa kibanzi kwenye uso.

Hanamu inatoboka ndani

Mwanga unaonekana, au patasi inazama ghafla. Bloki ilikuwa ndogo. Ukanda wa kawaida wa ndani, ule unaoshikanisha uso na ubavu, una upana wa milimita 6 au 7, na hanamu yetu inaingia 40. Bloki inahitaji kufika angalau milimita 48 kutoka nje, ili ule uso uliobaki upate milimita 8 za kushikia gundi, na chini ya sehemu iliyokonda zaidi zibaki milimita 5. Chora mkato wa pembeni kwa ukubwa halisi katika sehemu tatu: katikati na karibu na kila ncha. Kwenye mchoro huo weka pia mwisho wa mhimili wa X, yaani mbao zinazopishana ndani kuimarisha uso, maana wapo waliokata hanamu wakakutana na mhimili umejichomoza.

Tumia mbao nyepesi, mwerezi au mkangazi, uifukue upande wa ndani. Bloki inasogeza mpaka wa sehemu inayotetema ya uso, na kila gramu ya ziada hapo haina faida. Kwa shimo lililokwisha tokea, gundisha kiraka cha ndani kupitia tundu la sauti, chenye nyuzinyuzi zinazokwenda sambamba na hanamu, kisha uendelee na vinia juu yake.

Madoa kwenye sprusi na mistari myeupe

Supaglu inanywewa na sprusi kama maji na kuacha doa la manjano lisilotoka kwa msasa. Mbao za rangi kali kama padauki na rozwudi huachia rangi yake ikiguswa na pombe, na rangi hiyo inakimbilia kwenye mstari mweupe. Tiba ya yote mawili ni moja: paka shelaki (vanishi inayoyeyushwa kwa pombe) nyepesi kwenye kuta za mfereji na kando yake kabla ya gundi. Kwenye ncha, ambapo gundi hujikusanya, paka mara mbili. Unapomalizia shelaki ya juu, futa kutoka kwenye nyeupe kwenda kwenye nyekundu, na ubadili kitambaa mara kwa mara.

Mshono unajitokeza miezi kadhaa baadaye

Gitaa liliondoka likiwa laini kama kioo, likarudi na mstari mwembamba unaohisiwa kwa ukucha kando ya pindo. Gundi yenye maji huivimbisha mbao iliyo karibu nayo. Ukikwangua siku inayofuata, unakata uvimbe. Mbao ikikauka inashuka, na mshono unabaki kama bonde. Ipe siku nne au tano, na zaidi kwenye ncha, ambako gundi ni nyingi. Unyevu wa hewa karakanani uwe kati ya asilimia 40 na 50 tangu siku ya kugundisha vinia hadi siku ya laka ya mwisho.

Laka iliyopasuka juu ya ukingo wa hanamu ni suala tofauti. Ukingo mkali haushiki laka. Inakimbia pande zote mbili wakati bado mbichi, halafu msasa unaimaliza. Uvunje ukingo kwa mviringo wa milimita 1 kabla ya kupaka.

Yote yamefunga, mkono bado unaumia

Hanamu imekatwa mahali pasipo pake. Wapigaji hawakai sawa, na katikati ya hanamu iliyowekwa kwa mazoea inaweza kuwa sentimita nne mbali na mkono wa mwenye gitaa. Kabla ya kuchora chochote, mpe mpigaji gitaa lolote la ukubwa huo, paka chaki ukingoni, mwache apige nyimbo mbili tatu akiwa ameketi na nyingine akiwa amesimama. Chaki iliyofutika ndiyo katikati ya hanamu. Pima umbali wake kutoka kwenye mshono wa mkiani, uuandike kwenye kigezo, na ncha zako mbili zipangwe kuanzia hapo.